Msishike Bisibisi Kwanza: Hotuba kuhusu Teminali, Mtandao na Kompyuta Kongwe

Ndugu mafundi, walimu, wanafunzi, na nyote mliozihifadhi kompyuta hizi wakati wenzenu walikuwa wakizipeleka jalalani, hamjambo, na asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie tatizo ambalo kila mmoja wetu humu amekutana nalo. Mtu ameunganisha teminali, yaani skrini na kibodi za kuzungumza na kompyuta, au programu inayoigiza teminali, na kompyuta kongwe kupitia mtandao. Taa zinawaka, kebo imeshika, lakini mambo hayaendi. Herufi zinatokea mbilimbili. Mstari mpya unaanzia pale uliokwisha ule wa juu. Nywila inakataliwa kabla hujaiandika. Skrini inaganda katikati ya kazi na kibodi haijibu.

Ombi langu kwenu leo ni moja: msishike bisibisi kwanza. Inaniuma sana kuona PDP-11 au VAX, zile kompyuta kongwe za kampuni ya DEC, iliyodumu zaidi ya miaka 40 inafunguliwa, kadi zinachomolewa moja baada ya nyingine, chipu zinapindwa miguu, halafu inagundulika kwamba mashine ilikuwa nzima muda wote. Kilichokuwa kimeharibika ni makubaliano kati ya pande mbili zinazozungumza. Kadi ya namna hiyo ikivunjika, hakuna kiwanda kitakachokutengenezea nyingine. Makubaliano yakiharibika, unayarekebisha ukiwa umekaa kwenye kiti, bila gharama yoyote. Kwa hiyo kabla ya kugusa chuma, tazameni baiti, yaani zile namba zinazobeba herufi na amri kwenye waya.

Tuanze na kisa maarufu kuliko vyote katika fani hii. Tarehe 29 Oktoba 1969, saa nne na nusu usiku kwa saa za California, mwanafunzi Charley Kline alikaa mbele ya kompyuta ya Sigma 7 katika chuo cha UCLA, Los Angeles. Upande wa pili, katika taasisi ya utafiti ya SRI kule Menlo Park, Bill Duvall alikuwa kwenye kompyuta ya SDS 940. Kati yao kulikuwa na mtandao mpya wa ARPANET. Kline hakuwa anatuma barua wala faili. Alikuwa anataka kuingia kwenye kompyuta ya mbali kama mtumiaji wa teminali, yaani jambo lilelile linalotusumbua sisi leo. Akaandika L, akauliza kwa simu kama imefika. Imefika. Akaandika O. Imefika. Akaandika G, na mfumo wa SRI ukaanguka. Herufi zilizopita kwenye mtandao zilikuwa nyingi kuliko nafasi iliyotengwa kuzipokea. Walirekebisha, na baada ya takriban saa nzima Kline akaingia.

Watu husimulia kisa hiki kwa sababu ya zile herufi mbili za kwanza. Mimi nakipenda kwa sababu ya ile simu. Kulikuwa na mtu kila upande, mmoja akisema nimetuma nini, mwingine akisema nimepokea nini, herufi kwa herufi. Hakuna aliyebahatisha. Ukijua kilichotumwa na kilichopokelewa, hitilafu haina pa kujificha. Leo huhitaji mtu wa pili wala simu, kwa kuwa programu ya tcpdump au Wireshark itakuonyesha kila baiti inayopita kwenye waya. Lakini ni wachache mno wanaoifungua mapema. Wengi wanaifungua mwisho, baada ya kujaribu kila kitu kingine.

Sasa, kwa nini makubaliano haya ni mengi na ni ya ajabu? Kwa sababu yanatoka kwenye mashine za chuma na karatasi. Teletype Model 33 ya miaka ya 1960 ilichapa herufi 10 kwa sekunde, kwa kasi ya baudi 110, yaani biti 110 kwa sekunde. Kila herufi ilibeba biti 11, yaani tarakimu za 0 au 1: moja ya kuanzia, nane za herufi pamoja na pariti, ile biti ya ukaguzi, na mbili za kumalizia. Kichwa cha kuchapia kilipofika mwisho wa mstari, kilihitaji amri moja ya kukirudisha kushoto, namba 13, na amri nyingine ya kusogeza karatasi juu, namba 10. Ndiyo maana hadi leo mwisho wa mstari ni baiti mbili kwa wengine na baiti moja kwa wengine. Na kile kitufe cha kufuta kinachotuma 127? Kwenye utepe wa karatasi, 127 ni matundu yote saba yametobolewa. Ukikosea herufi unairudia kwa kutoboa matundu yote, na msomaji wa utepe anaipuuza. Mashine imeondoka, lakini desturi yake imebaki ndani ya kila teminali tunayotumia.

Tuingie kwenye dalili zenyewe, na tuanze na ile inayowatisha watu kuliko zote: herufi mbovu.

Mmewasha mfumo endeshi wa zamani wa Unix kwenye PDP-11, ya kweli au ya kuigizwa, mkaunganisha teminali. Mnatarajia kuona neno «login». Badala yake inatokea «loçiî». Mtu akiona hivi husema papo hapo kwamba kadi ya mawasiliano imekufa, au kumbukumbu imeoza. Hapana. Tazameni neno lenyewe kwa makini. Herufi tatu ziko sawa: l, o, i. Mbili zimeharibika: g na n. Kadi mbovu haichagui hivyo. Andikeni g kwa biti: 1100111. Hesabuni moja zake: ni tano, idadi witiri. Herufi n ni 1101110, nayo ina tano. Sasa l ni 1101100, zina nne. o zina sita, i zina nne. Zote shufwa.

Mmeona? Kompyuta inatuma biti saba na ya nane ni pariti shufwa. Herufi yenye idadi witiri inaongezewa moja ili jumla iwe shufwa, na herufi yenye idadi shufwa inaachwa kama ilivyo. Teminali yenu, kwa upande wake, imewekwa kupokea biti nane bila pariti, kwa hiyo inadhani biti ya nane ni sehemu ya herufi. g ni 103. Ikiongezwa 128 inakuwa 231, na katika mpangilio wa herufi wa Latin-1 hiyo ni ç, ile ya Kifaransa yenye mkia. Programu za siku hizi zinazotumia mpangilio wa UTF-8 hazitakuonyesha hata hiyo ç, zitaweka alama ya kuuliza tu, na utapoteza ushahidi mzuri. Dawa ni kuweka teminali kwenye biti saba na pariti shufwa. Kama ni SIMH, ile programu ya Bob Supnik inayoigiza mashine hizi, iambie koni, yaani teminali yake kuu, ikate biti ya nane kwa amri ya set tto 7b. Basi. Mashine haikuwa na tatizo lolote.

Kumbukeni kanuni hii, nimeiona ikiokoa mashine nyingi: karibu nusu ya herufi zikiwa mbovu na zilezile kila mara, ni pariti. Zote zikiwa takataka, ni kasi, upande mmoja uko 9600 na mwingine 1200 au 4800. Zikiwa sawa leo na mbovu kesho bila mpango, hapo ndipo tuanze kufikiria kebo na umeme.

Dalili ya pili inafanana na hiyo kwa sura, lakini chanzo chake ni tofauti kabisa. Unaunganisha, na jambo la kwanza linalotokea kwenye skrini, kabla ya salamu yoyote, ni «ÿý» na «ÿû», pengine mara kadhaa, kisha mambo yanaendelea kawaida. Au upande wa kompyuta kongwe, programu inapokea herufi hizo kama jina la mtumiaji na inakukatalia. Hiyo ni Telnet, lugha ya kutumia teminali kupitia mtandao, inajitambulisha kwa mtu asiyeijua.

Itifaki ya Telnet, kama ilivyoandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds mwaka 1983 katika RFC 854, mojawapo ya nyaraka za kanuni za mtandao, imetenga baiti 255 kuwa alama ya kwamba kinachofuata ni amri. Baada yake inakuja 251, maana yake nitafanya, 252, sitafanya, 253, fanya, au 254, usifanye. Kisha namba ya jambo lenyewe: 1 ni mwangwi, 3 ni kuacha ile ishara ya kupokezana zamu, 24 ni aina ya teminali, 31 ni ukubwa wa dirisha. Katika Latin-1, 255 ni ÿ, 251 ni û, 253 ni ý. Kwa hiyo ukiona ÿû, umeona maneno «nitafanya» yakisomwa na mtu ambaye hajui kwamba ni amri. Upande mmoja unazungumza Telnet, wa pili anapitisha baiti tupu. Vile visanduku vidogo vinavyogeuza waya wa RS-232, ule wa kuunganishia teminali, kuwa mtandao, na modemu za Wi-Fi ambazo wenzetu wanazichomeka kwenye kompyuta ndogo ya Commodore 64, nyingi zina chaguo la kuwasha au kuzima Telnet. Pande zote mbili ziwe na Telnet, au zote mbili ziwe baiti tupu. PuTTY, programu inayoigiza teminali, inakupa aina zote mbili za muunganisho.

Kwenye majadiliano hayohayo ndipo mwangwi unapoamuliwa. Teminali nyingi za zamani hazionyeshi unachoandika. Herufi inakwenda kwa kompyuta, na kompyuta inairudisha. Kompyuta ikisema 255 251 1, nitarudisha mwangwi, mteja anapaswa kujibu 255 253 1, kisha anaacha kujionyeshea mwenyewe. Jibu hilo likipotea, kila herufi inatokea mara mbili: «llss» badala ya «ls». Pande zote zikimwachia mwenzake, huoni kitu, lakini ukibonyeza Enta amri inatekelezwa. Na kuna programu za zamani zilizoandikwa vibaya ambazo hujibu kila jibu, nalo linajibiwa, bila mwisho. Taa za kadi ya mtandao zinapepesa mfululizo na hakuna kinachotokea. RFC 854 yenyewe ilikuwa imekataza kujibu ombi la hali ambayo tayari uko ndani yake, na mwaka 1990 Dan Bernstein akaandika RFC 1143 kueleza kwa ukamilifu namna ya kuepuka mzunguko huo. Ukiandika mteja wako wa Telnet kwa ajili ya mashine ndogo, tafadhali, isome kwanza.

Ya tatu ndiyo inayopoteza muda wa watu wengi zaidi, nami nataka tukae nayo kidogo. Umeunganisha na Unix kongwe kupitia kisanduku cha kugeuza. Unaulizwa jina. Unaandika jina, unabonyeza Enta. Neno la kuuliza nywila linatokea, na papo hapo, kabla kidole chako hakijagusa kibodi, unaambiwa umekosea. Unajaribu tena, hali ileile. Watu wameweka upya mfumo mzima kwa sababu ya hili. Wamefuta diski!

Fungua Wireshark utazame kilichotoka ulipobonyeza Enta. Utaona 13 ikifuatwa na 10. Telnet inasema 13 isiende peke yake kamwe: ifuatwe na 10 kama unamaanisha mstari mpya, au na 0 kama unamaanisha kurudi mwanzo wa mstari tu. Kama kisanduku hakijui Telnet, kinazipitisha zote mbili kwenye waya kama zilivyo. Unix inapokea 13, inaigeuza kuwa mwisho wa mstari, na jina limekamilika. Inauliza nywila. Kisha inapokea 10, ambayo nayo ni mwisho wa mstari, na nywila imekamilika, ikiwa tupu. Kompyuta imetenda haki. Umewasilisha nywila isiyo na herufi hata moja. Mwambie mteja wako atume 13 pekee. PuTTY ina chaguo la kuamua Enta itume nini, kwenye ukurasa wa Telnet. Kosa hilohilo ndilo linaloharibu faili ukizituma kwa XMODEM, njia ya kutuma faili kwa vipande, juu ya Telnet: kila 255 ndani ya faili inapaswa kurudiwa mara mbili, na 13 inaweza kuongezewa 0, hivyo vipande vya baiti 128 havitimii na hesabu za ukaguzi zinakataa. Jadilini kwanza hali ya baiti kamili, ambayo ni jambo namba 0, pande zote mbili, au mtumie muunganisho wa baiti tupu.

Mengine nitayapitia haraka. Kitufe cha kufuta kikiandika ^H au ^?, upande mmoja unatuma 8 na mwingine unasubiri 127. Amri ya Unix ya stty erase inamaliza neno. Mstari ukianzia katikati ya skrini, 13 haitumwi pamoja na 10. Skrini ikijaa mabano na namba kama [2J, programu inadhani una teminali ya VT100 na wewe una VT52 au kitu kingine, sahihisha thamani ya TERM, inayotaja aina ya teminali. Na kama teminali imevurugika kiasi kwamba hata Enta haifanyi kazi, bonyeza Ctrl-J, andika stty sane hata kama huoni unachoandika, kisha Ctrl-J tena.

Kuganda kwa skrini, hata hivyo, kunahitaji maelezo. Ctrl-S, baiti 19, husimamisha mtiririko. Ctrl-Q, baiti 17, huufungua. VT100 ya mwaka 1978 ilijitumia 19 yenyewe kila iliposhindwa kuandika kwa kasi ya zinazoingia. Kwenye waya wa mita tano mpango huu ulifaa. Kwenye mtandao, fanyeni hesabu: kwa baudi 9600, herufi 960 zinafika kila sekunde. Kama safari ya kwenda na kurudi inachukua milisekunde 200, herufi 192 zitafika baada ya teminali kuomba pumzi, na hizo nyingi zitamwagika. Utaona maneno yaliyokatika katikati ya orodha ndefu. Suluhisho ni kuhakikisha ombi la kusimama linajibiwa na kisanduku kilicho karibu na teminali, chenye kumbukumbu ya kutosha, badala ya kusafirishwa hadi kwenye kompyuta ya mbali. Hili ni chaguo dogo kwenye menyu ya kisanduku, na linabadilisha kila kitu.

Ucheleweshaji una madhara mengine. Mshale wa kibodi hautumi baiti moja. Katika hali fulani VT100 hutuma tatu: Eskepu, O, kisha A. Programu ya kuhariri maandishi ya vi inaposubiri, hupima muda: zikifika pamoja ni mshale, Eskepu ikifika peke yake ni kitufe cha Eskepu. Mtandao ukizitenganisha, vi inasoma Eskepu, halafu O, ambayo kwake ni amri ya kufungua mstari mpya juu, halafu inaandika A. Ukiona mistari yenye A pekee imezagaa ndani ya faili lako, si kirusi. Ongeza muda wa kusubiri, au sogea kwa h, j, k na l, ambazo ni baiti moja moja na hazitenganishiki.

Na kwa nini mtandao uzitenganishe? Mwaka 1984 John Nagle wa Ford Aerospace aliandika katika RFC 896 kwamba herufi moja ya teminali husafiri ndani ya pakiti ya baiti 41, 40 zikiwa kichwa tu. Akapendekeza herufi zisubiri kidogo zikusanyike wakati jibu la pakiti iliyotangulia bado liko njiani. Ni wazo zuri na limeokoa mitandao mingi. Lakini likikutana na mpokeaji anayechelewesha majibu yake kwa makusudi, kuandika kunakuwa kwa kushtuka-shtuka: herufi moja, kimya, kisha tatu kwa pamoja. Kisanduku kikiwa na chaguo la kuzima mkusanyiko huo, litumieni kwa kazi ya teminali.

Baiti zikiwa safi upande wa mtandao na bado hakuna kitu kwenye teminali, sasa tuje kwenye waya, na hata hapa bado bisibisi ikae. Chukueni mita. Kwenye plagi ya pini 25, pimeni pini 2 dhidi ya 7, ambayo ni ardhi, kisha 3 dhidi ya 7. RS-232 ikiwa imetulia, pini inayotuma hukaa kwenye volti hasi, mara nyingi kati ya 5 na 15 chini ya sifuri. Pande zote mbili zikiwa na volti hasi kwenye pini ileile, wote wanatumia waya mmoja kusema, na mnahitaji kebo ya kupishana. Na angalieni: kwenye plagi ya pini 9 namba 2 na 3 zimebadilishana kazi, na ardhi ni 5. Kisha unganisheni 2 na 3 kwa waya mfupi mwishoni mwa kebo, mwandike. Mkiona mnachoandika kinarudi, teminali na kebo ni vizima. Sogeeni hatua moja mbele, mrudie. Commodore 64 isichomekwe moja kwa moja kwenye RS-232: mlango wake hutumia volti 5, na volti 12 zitaiua chipu. Hapo hata subira haitasaidia.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa uzito. Telnet haifichi chochote. Ile Wireshark niliyowasihi muitumie inaonyesha nywila yenu herufi kwa herufi, na atakayeifungua njiani ataiona vivyo hivyo. Mwaka 1995 nywila zilinaswa namna hiyo kwenye mtandao wa chuo kikuu cha teknolojia cha Helsinki, na Tatu Ylönen akaandika SSH, inayoficha mazungumzo yote, kwa sababu hiyo. Kompyuta ya mwaka 1977 haina nguvu ya kufanya hesabu za kuficha za leo, na haipaswi kulazimishwa. Wekeni mbele yake kompyuta ndogo ya kisasa ipokee SSH kutoka nje, kisha izungumze Telnet na mkongwe kwa waya mfupi ndani ya chumba. Poti 23, mlango wa Telnet, isifunguliwe kwa dunia, hata kwa jioni moja ya maonyesho.

Meza ziko upande wa kulia, mita zipo, kebo za kupishana zipo. Mwenye mashine inayomsumbua ailete, tuanze na baiti zake.